Nahodha wa Shamba la Viazi

Nilipokuwa darasa la nane pale Mbeya niliiba waya wa mashua ya jirani yetu, nikaufunga kwenye ulimi wa kengele ya shule, nikapanda juu ya mkaratusi na kuvuta. Wenzangu walikuwa ndani wanateswa na hesabu ya tangi la maji, lile lenye bomba moja linalojaza na jingine linalotoa kama kwamba mwenye tangi ni kichaa. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa ya tumbo. Kengele ilipolia, shule nzima ilimwagika nje. Wadogo walikimbilia nyumbani moja kwa moja, na mpishi, maskini, akaanza kupakua ugali mbichi.

Mwalimu mkuu hakukimbia. Alisimama chini ya kengele, akautazama ule waya, kisha akaushika na kuufuata pole pole, mkono mbele ya mkono, kama mtu anayefuata kamba ya mbuzi aliyepotea. Alipofika kwenye shina la mkaratusi aliinua macho.

"Tumbo linaendeleaje, Gaudensi?"

"Limepoa, Mwalimu."

"Shuka basi, tulipime."

Huo ndio upumbavu wenyewe, nimeuweka mbele ili usije ukanisubiri huko nyuma. Ila neno "niliiba" ni langu mimi. Mwenye waya hakulikubali siku ile, na hajalikubali mpaka leo. Ninayetaka kumweleza hapa ni yeye, wala si mimi, ingawa nikishika kalamu najikuta nimejipenyeza kila mahali.

Mji mzima ulimwita Nahodha. Ni fundi seremala, mtengenezaji wa madirisha na majeneza, mzee Mngoni aliyewahi kufanya kazi ujanani kwenye mashua ya misheni huko Ziwa Nyasa. Kutoka ziwani alileta mambo mawili: koti refu la buluu, zito kama mlango, na hamu ya kuwa na mashua yake mwenyewe. Mashua akaiunda mwenyewe, ndogo, ya mlingoti mmoja. Ajabu ni kwamba aliiunda Mbeya. Maji ya mashua kuelea yapo chini kabisa, huko Mwaya, mwendo wa lori kutwa nzima kupitia Tukuyu. Yake ilikaa kwenye kiwanja chake nyuma ya nyumba yetu, katikati ya shamba la viazi, imeegemezwa kwa magogo, mlingoti umesimama, Mlima Loleza umeiinamia kwa nyuma kama mtu anayejiuliza imefikaje pale.

Wageni walicheka. Madereva wa malori walipunguza mwendo ili wacheke vizuri. Siku moja dereva mmoja alipiga kelele kutoka barabarani, "Mzee, bahari imekauka lini?" Nahodha alikuwa anapalilia viazi. Hakuinua hata kichwa. "Ilipokuona unakuja," akasema.

Nilimuuliza kwa nini asiiache mashua huko huko ziwani kama watu wenye akili. Alisema chombo kisichoonekana na mwenyewe huoza kwa huzuni kabla ya kuoza kwa maji. Mama yangu alisema ni uongo, Mngoni anaogopa tu watu wa ziwani wasiifanye kuni. Yote mawili huenda ni kweli. Nahodha alikuwa na sababu mbili kwa kila jambo, moja ya kuambia watu na moja ya kwake.

Mashua ile ilikuwa na kazi moja kwa mwaka. Mvua zikiisha, viazi vikishachimbwa, aliipakia kwenye lori linaloteremka kufuata mchele, akaishusha Mwaya, akavuka kwenda upande wa pili, Manda, kumwona dada yake. Dada huyo ndiye ndugu pekee aliyebaki naye duniani. Aliolewa huko ufukweni zamani, na wala hapandi meli, wala lori, wala kitu chochote chenye moshi. Kama Nahodha hakuvuka, hawakuonana. Basi ile mashua tuliyoicheka ndiyo ilikuwa njia ya kwenda kwao.

Sasa hapa lazima niseme sisi ni akina nani. Kwetu ni Kihesa, Iringa. Baba alihamishiwa Mbeya kwa kazi ya barabara, naye kwa kawaida yuko kambini na makoleo yake, nyumbani ni mimi na mama. Sisi ni Wahehe. Mhehe na Mngoni, kama unavyojua, babu zao walichinjana mpaka wakachoka, na walipochoka wakaona wabaki kutukanana tu. Ndio utani huo. Mtani anaweza kuingia kwako, akachukua kuku, ukamtazama. Anaweza kukuambia kwenye msiba wa baba yako kwamba marehemu alikuwa mvivu, nawe ukamshukuru kwa kuja. Kukasirika ni aibu. Kudai ni aibu kubwa zaidi.

Nahodha aliifuata sheria hiyo kuliko amri za kanisani. Kila asubuhi alipita ugani kwetu na kumsalimu mama kwa Kihehe kibovu, "Kamwene!" kisha akaendelea kwa Kiswahili na lile tusi letu la kula mbwa, "Mama Gaudensi, mbwa wangu hakuonekana jana. Mlikula nini?"

"Tulikula viazi vyako," mama anajibu bila kuacha kufagia. "Mbwa wako mwembamba mno, tumemrudisha anenepe."

Mimi nami nilimwita Babu tukiwa mbele ya watu, na tukiwa wawili nilimwita Mngoni. "Mngoni," nilimwambia, "babu zako walitembea kwa miguu kutoka kusini kule kusikojulikana, wewe unashindwa kulizunguka ziwa kwa miguu ukamwone dada, mpaka upande ubao?" Alinijibu kwamba babu zake walitembea kwa sababu walikuwa wanawafukuza babu zangu, na mtu anayekimbizwa na simba haoni kama simba naye anachoka.

Alikuwa bahili. Sisemi ili kumkejeli. Namsema kama alivyo, na yeye mwenyewe alijisifia. Njiti ya kiberiti aliipasua kwa wembe ikawa mbili. Misumari aliinyoosha hata iliyokwisha kunyooshwa, mpaka ikawa kama minyoo. Ukienda kwake, chai alikupa nyeusi, na sukari alikusimulia. Kanisani alipotoa sadaka aliisindikiza ile senti kwa macho mpaka kikapu kilipofika altareni, kama mzazi anayemuaga mtoto stesheni. Padri alimwambia siku moja kwamba Mungu humpenda atoaye kwa moyo wa furaha. Nahodha akasema, "Ndiyo, Baba, lakini hata asiye na furaha senti yake si inapokelewa?"

Halafu mtu huyo huyo aliogopa maji. Msishangae. Kuogelea hajui. Kijito cha pale chini, ambacho mbuzi anavuka akiwa anatafuna, yeye alikivuka kwa daraja hata kama daraja liko mbali. Nilimuuliza mtu mwoga hivi anavukaje Ziwa Nyasa. Akanipeleka kwenye mashua, akanishikisha nyaya.

Zilikuwa tatu. Mmoja ulitoka kileleni mwa mlingoti ukashuka mbele, na mbili zikashuka ubavuni, kushoto na kulia. Hazikupandisha kitu wala kushusha. Zilisimama tu, usiku na mchana, zikiushika mlingoti usianguke.

"Tanga linapiga kelele," alisema. "Watu wote wanalitazama tanga. Waya unakaa kimya. Ukisikia waya umelia, umechelewa."

"Kwa hiyo huogopi?"

"Naogopa sana. Ndiyo maana nazitazama."

Na alizitazama kweli. Kila Jumamosi jioni alichukua pamba kidogo, akaifinya juu ya waya na kuiteremsha kutoka juu hadi chini, pole pole, kama anayempangusa mgonjwa. Pamba ikinasa, hapo uzi mmoja wa waya umekatika, hata kama jicho halioni. Kisha alizipaka mafuta ya kondoo. Mtu asiyekupa sukari alizinunulia nyaya zake mafuta ya kondoo! Na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa, isipokuwa mama yangu, ambaye alianika nguo juu yake kila Jumatatu bila kuomba. Nahodha alilalamika mpaka povu. "Mashua yangu imekuwa na matanga ya sketi!" Lakini hakuziondoa. Mtani akianika, ameanika.

Siku za upepo, upepo ule wa Agosti unaoteremka Loleza na vumbi lake, alipanda kwenye mashua yake akakaa nyuma, akashika usukani, kofia machoni, akasikiliza. Sisi watoto tulipanda kama abiria. Alitutoza nauli ya kiazi kimoja kimoja, viazi vyenyewe tumevichimba kwake. "Manda! Manda! Asiyeshuka sasa tutamlaza Manda!" Tulicheka tukataabika. Yeye hakucheka. Aliyatazama majani ya viazi yakiyumba, na mimi naapa kuna siku niliyaona maji.

Katika safari hizo alinifundisha kufunga fundo lisilofunguka lenyewe lakini linalofunguliwa na aliyelifunga. Alinifundisha kusoma mawingu ya Loleza, na kunyamaza, somo ambalo sikufaulu. Shuleni walinifundisha kwa fimbo. Yeye alinifundisha kwa kunitukana kabila, na yakaingia.

Sasa mnaelewa ni mtu gani niliyemwendea. Waya niliouchukua ni ule wa mbele. Nilijua ni wa nini, sina la kujitetea. Nilijiambia mwezi huo hasafiri, nitaurudisha kabla hajafika Jumamosi na pamba yake. Kisha ukawa mrefu kuliko njia ya kutoka mtini hadi kwenye kengele, ukawa unakwama kwenye pembe ya paa, basi nikauweka juu ya jiwe, nikaukata kwa tindo. Waya mmoja ukawa vipande viwili. Hapo hata fundo lake halikufaa.

Mwalimu mkuu aliwaita wote wawili ofisini, mama na Nahodha. Vipande vya waya vilikuwa mezani. Mtihani wa kwenda sekondari ulikuwa karibu, na mama alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake kana kwamba ndiyo inayomshikilia asianguke.

"Mzee," mwalimu mkuu alisema, "huu ni wizi na uharibifu. Kijana mwizi simpeleki kwenye mtihani. Sema neno tu, nitalifuta jina lake kwenye orodha, na mama huyu atakulipa waya wako mpaka mwisho."

Nahodha aliokota kipande kimoja. Akatazama pale nilipopiga tindo. Akanusa, sijui alinusa nini. Mimi nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu, vyote vilikuwepo.

"Mwalimu, huyu kijana ni kabila gani?"

"Mhehe. Unamjua."

"Na mimi?"

"Mzee, tuko kwenye kazi hapa."

"Mimi ni Mngoni. Sasa Mhehe akichukua kitu cha Mngoni, hapo wizi unaingilia mlango gani?"

Mwalimu mkuu ni Mnyakyusa wa Rungwe, lakini utani wa watu anaufahamu. Alivua miwani. "Fikiri vizuri. Ukisema ni utani, huwezi kudai hata senti. Si kwa mama huyu, si kwa baba yake, si kwa baraza. Umeupoteza."

"Nafahamu."

"Na safari yako ya ziwani?"

Nahodha alikigeuza kile kipande mkononi. Mama alifumba macho. Kisha yule mzee bahili, aliyepasua njiti za kiberiti, akakirudisha kipande mezani na kusema, "Nani amekuambia nataka kulipwa na Wahehe? Watanilipa nini, mbwa?"

Karani aliyekuwa mlangoni alicheka kwanza. Mwalimu mkuu alijikaza, akashindwa. Jina langu likabaki kwenye orodha. Ila mwalimu mkuu si mtu wa kuachia hivi hivi. "Waya una utani," aliniambia akichukua fimbo. "Kengele haina utani na mtu. Inama."

Tukitoka, mama alitangulia. Nahodha ndiye aliyenisemesha. "Umekata mmoja," alisema. "Umeua zote tatu. Hizi zilipanda mlingoti siku moja, zimezeeka pamoja. Nikiweka mmoja mpya, utavuta kwa nguvu za ujana na wale wazee wawili watakatika katikati ya ziwa. Wewe unaona nimepoteza waya. Mimi naona nimepoteza mlingoti."

Alinichukua siku iliyofuata mpaka duka la vyuma mjini. Nafikiri alitaka nisikie bei kwa masikio yangu. Mwenye duka alisema waya wa namna hiyo lazima uagizwe pwani. Alipotaja gharama ya nyaya tatu pamoja na pete zake, Nahodha alivua kofia, kama watu wanavyovua jeneza likipita. Kwa bei ile ungepata ng'ombe na ndama wake. Nahodha hakuwa na ng'ombe wala ndama. Alikuwa na nauli tu ya lori la kuteremka Mwaya.

"Subiri mwaka ujao, Babu," nilimwambia njiani. Sikumwita Mngoni siku hiyo.

Alisimama. Akaniambia kwamba wafanyabiashara wa mchele walileta salamu kutoka Manda. Dada yake macho yanakwenda. Jicho moja limeshazima, la pili linaona kivuli. Naye dada alituma neno, mwambieni aje ningali namwona.

Sijawahi kutamani kuchapwa kama siku ile, na hapakuwa na wa kunichapa.

Wiki iliyofuata Nahodha alipanda lori la kwenda Lupa, kule kwenye migodi ya dhahabu iliyofungwa, akarudi kichwani amebeba duru ya waya wa kusuka, mweusi kwa mafuta, wa kuvutia ndoo za mawe kutoka shimoni. Waya mzuri ajabu. Alikuwa anatabasamu, na alikuwa hana koti.

"Mngoni, koti liko wapi?" niliuliza.

"Nimelisahau. Lupa kuna joto kama tanuri, nikalivua, nikalisahau."

Tulicheka wote, mimi kwa sauti kuliko wengine. Koti lile tulilijua kuliko uso wake. Kwa wiki nzima nilieneza habari kwamba Nahodha alilewa Lupa akavuliwa nguo na Wabungu, wenyeji wa kule. Baridi ya Juni ilipoingia, ukungu ukalala barabarani, akawa anatembea na blanketi lililofungwa kiunoni kwa kamba, nami nikamtungia jina, Askofu. Alilipokea. Alinibariki kwa ishara ya msalaba kila tulipokutana.

Nyaya tulizitengeneza pamoja. Mimi nilishika koleo, yeye alifumua ncha za waya, akazizungusha kwenye pete ya chuma na kuzisuka upya, uzi mmoja chini, mmoja juu, vidole vikitoka damu. Nilipovuta vibaya alisema, "Fungua." Nilipovuta vizuri hakusema. Nilijifunza kuitamani ile "hakusema" yake. Mwisho alinipa pamba. Niliiteremsha kwenye waya wa mbele kutoka juu mpaka chini, na haikunasa mahali popote.

Akaondoka na lori la mchele, mimi na wenzangu tukisukuma mashua kwa nyuma kama siafu. Siku zikapita. Mama alianika nguo kwenye ua wa miti, akawa anazitazama kama hazikauki vizuri. Siku lori liliporudi mlingoti ulionekana kabla ya kitu kingine, ukipanda mlima wa barabara, na mama akaangusha ufagio. Nahodha alishuka mwembamba, mweusi kwa jua, hana habari. Mama akamuuliza kaonaje huko. Alisema neno moja tu.

"Ameniona."

Dada yake alifariki katikati ya mvua zilizofuata. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshafaulu, nimekwenda sekondari Iringa, habari nikaipata kwa wasafiri. Sikujua la kuandika. Niliandika kwamba nasikia Wangoni wamepungua, tuna nafasi sasa ya kurudisha ng'ombe wetu. Bwenini mwenzangu mmoja alisoma barua ile akasema mimi ni mnyama. Nahodha alimwambia mama kwamba kati ya barua zote za rambirambi, hiyo ndiyo iliyomfanya aweze kula.

Likizo hii ya Juni nimerudi Mbeya nikiwa na koti langu jipya. Mama alilishona kwa mkono kutoka blanketi la jeshi, lote, mpaka kola, kwa sababu nilimwandikia kuwa baridi ya Iringa inauma masikio. Kubwa, la kijivu, la kukulia. Kifungo kimoja kilidondoka safarini, mama akakiweka kwenye kikombe, akasema atakishona.

Jumamosi nilimsindikiza mnadani Mbalizi kununua maharage ya mbegu. Hapo ndipo nilipoliona. Koti refu la buluu, zito kama mlango, likitembea kati ya magunia juu ya mwili wa mtu mwingine, mwanaume mfupi, pindo linafagia vumbi. Nilimshika mama mkono. Mama alikuwa ameshaliona.

"Kaka," alimwita kwa upole, "koti zuri hilo. Umelipata wapi?"

"Hili?" Mtu alijigeuza atazamwe. "Mimi mlinzi wa mgodi, Lupa. Wenye mgodi waliondoka, wakaniachia vyuma badala ya mshahara. Akaja mzee mmoja kutafuta waya. Mzee mwenye kichaa chake! Nilimwambia, nipe hiyo kofia, chukua. Akaukagua waya mzima kwa pamba, akasema, hapana, waya mzuri hivi huwezi kuulipa kwa kofia. Akavua koti mwenyewe."

"Si Lupa kuna joto?" niliuliza.

"Mchana. Mlinzi halindi mchana."

Njia nzima mama hakusema kitu, nami kwa mara ya kwanza nilifaulu lile somo la kunyamaza.

Jana alasiri nilikwenda kwake. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye viazi, mashua ikawa inaelea kabisa. Nahodha alikuwa amekaa nyuma kwenye usukani, na blanketi lake la uaskofu, akikohoa kidogo. Amezeeka ghafla. Tangu dada afariki hajateremka ziwani, hana wa kumvukia. Lakini nyaya ziling'aa kwa mafuta.

"Kamwene," alisema. "Mhehe wa sekondari. Wamekufundisha kuvaa viatu?"

"Wamenifundisha kusoma historia. Nimeona mlivyotukimbia."

"Kitabu kimeandikwa na Mhehe hicho." Akasogea nipande. Tukakaa. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Mbalizi, maneno mazuri. Badala yake nikavua koti nikamnyooshea.

"Chukua, Babu."

Hakulishika. Alilitazama, kisha akanitazama, na uso wake ukafungika kama dirisha alilolitengeneza mwenyewe. "La nini?"

"Nimemwona mlinzi wa Lupa."

"Simfahamu." Akageukia viazi. "Unanilipa? Tangu lini Mhehe akamlipa Mngoni? Nilimwambia nini mwalimu wako? Unataka nionekane nilisema uongo ofisini mwa watu? Vaa koti lako."

Nikavaa. Nikashuka. Nilikuwa nimeshafika kwenye matuta ndipo akili, ambayo kwangu huja kwa miguu, ikanifikia. Nikarudi. Nikavua koti tena, nikalitandaza juu ya waya wa mbele, ule tuliousuka pamoja, nikalinyoosha mikono kama mama anavyofanya Jumatatu.

"Nini hiyo?" aliuliza.

"Naanika. Lina jasho."

"Kwenye ukungu huu?"

"Sisi kwetu tunaanika hivi."

Nikaona mdomo wake unaanza kupinda upande.

"Mhehe, utaliacha hapo?"

"Kwani hapa kuna wezi?"

"Wezi hakuna. Kuna Wangoni."

"Nitalifuata likikauka," nikasema, nikaondoka. Sikugeuka. Baridi iliniingia kwapani kama maji. Nilikuwa nimefika kwenye ua wa miti niliposikia nyuma yangu magogo ya mashua yanalia, kisha sauti ya mzee ikapanda juu ya ukungu mpaka nadhani na Loleza iliisikia. "Nimeteka! Wasafwa, njooni mshuhudie! Nimemteka Mhehe koti! Mchana kweupe! Jamani, linafika mpaka magotini!"

Majirani zetu Wasafwa, wenyeji wa mji, walitoka. Kicheko kikaenda nyumba kwa nyumba. Nilikimbia mpaka jikoni kwetu meno yakigongana, na shati langu la shule peke yake. Mama alikuwa kando ya moto na sindano mkononi, uzi ameshautia, kifungo kwenye kiganja. Alinitazama mikono, akanitazama mabega. Nje sauti ilikuwa bado inatangaza ushindi. Alisikiliza mpaka ikaisha, akakata uzi kwa meno, akanishikisha kifungo pamoja na sindano, akasema:

"Rudi ukakishone. Sitaki Mngoni aseme ameteka koti la Wahehe likawa halifungi."